Nilitangaza mpira kwenye TV miaka mingi, na aliyekuwa akiniitikia ni mama peke yake

Wakuu, hamjambo?

Ninayoyaandika hapa yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Asiyeamini apite tu, sitamfuata.

Mimi ni mtu wa Bofu, Likoni. Miaka ya themanini nilipata kazi Nairobi, ya kutangaza mpira kwenye televisheni. Mtaa mzima ulifurahi. Vijana wakadhani nitakuwa nakula meza moja na wachezaji.

Sasa niwaambie kazi yenyewe ilivyokuwa.

Mechi nyingi za nje hatukwenda popote. Picha zilikuja kwenye kanda, nami nafungiwa ndani ya kijumba chenye magodoro ukutani, headphone masikioni, natazama kiskrini kidogo na kutangaza. Hata kelele za mashabiki zilikuwa za kaseti. Goli likiingia, fundi mitambo anazipandisha.

Kaseti ile ile kila Jumamosi. Kulikuwa na jamaa mmoja ndani yake anapiga mluzi, nikamzoea hadi nikawa namngoja.

Nikitoka hapo narudi chumbani kwangu, nasonga ugali wa mtu mmoja. Sura yangu haikuonekana kwenye TV, kwa hiyo hata dukani hakuna aliyenijua. Upweke ulinila, wakuu. Nikaona nasema na ukuta tu, bora niache kazi.

Nikaenda nyumbani likizo ili nimwambie mama.

Jumamosi akanipeleka kwa jirani yetu Mzee Kombo, mwenye TV ya pekee pale mtaani, ya kutumia betri ya gari. Mama mwenyewe hajui mpira hata kidogo. Mtangazaji aliyeshika zamu yangu akafungua: "Hamjambo, watazamaji?"

Mama akajibu kwa sauti, "Hatujambo, mwanangu. Ushakula?"

Sebuleni hakushtuka mtu. Mzee Kombo akaniambia, "Ndiyo kawaida yake. Kila Jumamosi ukitujulia hali, mamako hukuitikia, ndipo sisi twatazama mpira."

Nikamwambia, "Lakini mama, huyu si mimi."

"Najua si wewe. Kwani yeye hana mamake? Huenda mamake hana televisheni."

Wallahi nilitoka nje nikalia. Habari ya kuacha kazi sikuitaja tena.

Tangu siku hiyo, nikishasema "Hamjambo, watazamaji?" nanyamaza kidogo. Namwachia mama nafasi aitikie. Prodyuza alikuwa akinifokea masikioni, "Mbona unakatika?" Sikumweleza. Kile kimya kidogo kilinitosha wiki nzima.

Mama alifariki miaka ya tisini. Tukamzika Bofu, tukamsomea khitma, nikarudi kazini.

Jumamosi ile nikasema "Hamjambo, watazamaji?" nikanyamaza kama nilivyozoea. Kimya kikawa kirefu. Prodyuza alikuwa na habari ya msiba, hakunifokea. Mwishowe fundi akapandisha kaseti, yule jamaa akapiga mluzi wake, nikaanza kutangaza.

Sasa nimestaafu, niko Bofu kwenye nyumba ile ile ya mama. Kuoa sikujaliwa. TV ninayo kubwa ya rangi, na sebuleni niko mwenyewe. Kijana wa siku hizi akifungua mechi kwa salamu, namwitikia kwa sauti, namuuliza kama ameshakula. Mpita njia akisikia atasema mzee amerukwa na akili. Na aseme.

Nililojifunza si kubwa. Mtu anaweza kusikiwa na nchi nzima akakosa hata mmoja wa kumjibu. Ukisalimiwa, itikia, hata kama mwenyewe hakusikii.

Karibuni mchangie, wakuu, hata wa kunikosoa aje. Ila pale juu mwanzoni niliwajulia hali, na mpaka sasa nimenyamaza, nangoja.