Binti wa Dada Yangu Alipohamia Mbale

Dada yangu alipopata kazi za ndani Omani, alimleta bintiye kwangu Mbale. Walitoka Masese kule Jinja, kando ya ziwa, alfajiri, na walipofika ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima wa Wanale, hata mji ukaonekana kama umeishia nyuma tu ya msikiti wetu. Mtoto alikuwa na miaka kama kumi. Mama yake alipoondoka hakulia. Aliweka begi lake karibu na mlango, akalikalia.

Begi lile lilibaki palepale. Alitoa gauni, akalivaa, nikalifua, akalirudisha begini. Nikifagia, nilifagia kulizunguka.

Ijumaa, baada ya swala, mama yake alitutumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Iliposikika tu "Asalaam alaikum, mwanangu," mtoto alitoka nje akasimama uani, macho juu mlimani.

"Hataki kunisikia?" dada aliniuliza nilipompigia kumweleza.

"Mpe muda, dada. Bado anakutafuta kwa njia yake."

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, kisha jua likatoka. Maporomoko yakateremka Wanale kama nyuzi nyeupe zinazoning'inia hewani, na mji mzima ukanyamaza kidogo, au mimi ndivyo ninavyokumbuka.

"Mama mdogo, yale maji yanakwenda wapi?"

Nilifurahi kuulizwa. Nikamweleza kwamba yanafika Ziwa Kyoga, na kwamba Nile inayotoka kwao Jinja nayo inaingia Kyoga.

Akafikiri. "Lakini mama hayuko Kyoga."

"Hayuko," nikasema. Tukasimama bega kwa bega, maji yakiendelea kuteremka bila sauti.

Shule zilipofungwa nilimpeleka Masese. Nilihisi anahitaji kuona kwamba mahali pale hapakupotea. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, waking'aa, na anga na ziwa vilikuwa rangi moja, huwezi kujua kimoja kinaanzia wapi. Chumba chao alikuwa amekipanga mama kijana mwenye mtoto mchanga. Nilidhani binti atakimbia. Badala yake alimwamkia, akavua viatu, akaenda moja kwa moja dirishani.

"Hili halifungiki mvua ikija," alimwambia yule mama. "Uliinue kwanza, halafu ulisukume. Mama hufanya hivi."

Akamwonyesha. Yule mama akajaribu, dirisha likafungika, wakacheka wote wawili.

Tulipofika ufukweni aliniomba simu. Aliielekeza majini, akarekodi mawimbi yakipiga ubavu wa mitumbwi. Kisha akasema, "Mama, ni mimi. Chumbani kwetu kuna mtoto sasa. Nimewafundisha dirisha."

Jibu la dada lilikuja tukiwa bado pale. Mwanzo pumzi tupu, halafu kicheko kilichochanganyika na kilio: "Lile dirisha!" Binti alilisikiliza tena na tena, simu ameibana sikioni, amefumba macho.

Tuliporudi Mbale aliniomba misumari ya kutundikia nguo zake.

Mama yake amerudi sasa, baada ya miaka, amepanga Mafubira, Jinja. Nilidhani kazi yangu imekwisha, kumbe kurudi nako kulihitaji mtu wa kushika mkono. Nilikaa nao siku za mwanzo. Msichana alikuwa amempita mama yake kwa urefu. Walipishana mlangoni kwa heshima, kama wageni, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Pita tu."

Dada alinivuta jikoni. "Siku hizi anapenda chakula gani?" alininong'oneza.

"Muulize mwenyewe, dada."

Alikunja na kukunjua kanga. Kisha akaita. Binti akaja, akaegemea ukuta.

"Ungependa nikupikie nini, mwanangu?"

"Malewa."

Dada akaniangalia. Chipukizi za mianzi zilizopikwa kwa karanga ni chakula cha Mbale, sisi hatukukua nacho.

"Sijui kuyapika," alisema polepole.

Binti alichukua sufuria rafuni. "Keti hapa, mama. Nitakufundisha."