Nilichosema Kuhusu Maji ya Kwetu

Leo nimemfanya mama yangu aseme uongo mbele ya wageni.

Nilikuwa nazungumza kwenye kongamano la sayansi na ubunifu pale chuoni, naeleza chujio langu la maji. Ili watu waguswe, nikadai kwamba utotoni nilichota maji mtoni.

Wakapiga makofi. Mama alikuwa safu ya pili.

Wakati wa chai, profesa mmoja akamuuliza, "Mto ulikuwa mbali, mama?"

Mama akanitazama, kisha akajibu, "Mbali kidogo."

Jamani, bomba lilikuwa uani kwetu. Marehemu baba alichimba mwenyewe mtaro wa bomba hilo, kwa jembe.

Kwenye basi la kurudi nyumbani, mtaa wetu wa Downsview huku ughaibuni, nikamwomba radhi.

"Kamwombe baba yako," akasema, akageukia dirishani.

Sasa yuko jikoni, hanisemeshi. Nyie mngeanzia wapi?