Vyuma Viwili Mfukoni mwa Simiyu

Koplo Simiyu alihamia Nyeri kutoka Bungoma na sauti nzito na kifua cha jogoo. Mwaka wa themanini na nne akapewa rada, mashine ya kupima mwendo wa magari, na tangu siku hiyo hakuna mteja wa hoteli aliyekunywa chai kwa amani.

"Inatupa mawimbi, yanagonga gari, yanarudi na habari," alihubiri. "Dereva anaweza kudanganya bibi yake. Rada, hapana!"

Kila asubuhi rada ilijaribiwa kwanza. Ilikuja na chuma chenye meno mawili kama uma; ukikigonga kwenye soli ya kiatu kinatetemeka, ukikisogeza mbele ya mashine, inasoma themanini. Sasa, huyu Simiyu alikuwa pia mwalimu wa kwaya, na kwaya nayo ina chuma cha namna hiyo, cha kutoa sauti ya kuanzia wimbo. Vyote viwili alivitia mfuko mmoja. Mtu mzima, tena na cheo mkononi!

Alhamisi moja, barabara ya Mukurweini, alikigonga chuma, rada ikasoma ishirini na mbili. "Imelala hii," akasema, akazungusha skrubu mpaka themanini ikatokea. Gari la kwanza likawa lori la maziwa la Mzee Theuri, lori ambalo kuku huvuka mbele yake bila haraka. Rada ikasoma mia moja na nane.

"Mia gani, afande?" Theuri akashangaa. "Hii lori hata ukiitupa kwa bonde haifiki huko."

"Mzee, mashine haina uongo."

"Ati basi mimi ndiye niko na uongo? Miaka ishirini kwa barabara!"

Simiyu hata hakuinua macho. Akamwandikia korti Jumatatu, na leseni mashakani. Mvua ikaanza, akafunga mashine.

Jumapili kanisani akatoa chuma, akakigonga. Kililia juu kama kifaranga. Wacera, kiongozi wa sauti ya kwanza, akakifuata kwa utiifu, na kabla ya ubeti wa pili akina mama walikuwa wamenyoosha shingo kama bata. Kanisa lote likacheka. Simiyu akakitazama chuma: kilikuwa kimechongwa namba themanini. Basi Alhamisi aligonga kipi? Benchi la tatu, kofia magotini, Theuri peke yake hakucheka.

Jumatatu Simiyu alisimama kortini akasema yote, akagonga vyuma vyote viwili mbele ya hakimu. Mzee akaachiliwa. Watu walicheka mpaka karani akafuta machozi.

Nje akamfuata Theuri. "Mzee wangu, nisamehe."

"Mashine nimesamehe," Theuri akasema, akipanda lori. "Lakini wewe nilikuambia kwa mdomo wangu, na hukuniangalia hata usoni."

Mke wa Simiyu, Nasirumbi, alimshonea mfuko wa pili. Na mpaka leo lori la maziwa likikaribia, polepole vilevile, koplo wetu huinama kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.