Mchele Ukilowa Njiani ni wa Nani?

Juzi nilikuwa kwenye duka la kutoa kopi pale Bondeni. Mbele yangu walisimama akina mama wawili wauza mchele. Mmoja alikuwa anachapisha mkataba wake na hoteli moja ya Mbeya. Mwenzake aliinyakua karatasi ikiwa bado ya moto, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikasimama.

"Eti mzigo ukishapakiwa Kyela, ukilowa njiani hasara ni ya mnunuzi?"

"Ndivyo tulivyokubaliana."

"Dada, hoteli hii nilikupeleka mimi! Mchele wangu ulipolowa walinirudishia magunia yote, na tangu hapo hawajanipigia simu. Wewe wamekupendea nini?"

"Hawajanipenda. Kabla ya kupakia niliwauliza, ukilowa njiani ni wa nani? Wakasema ni wao. Nikasema, basi tuandike."

Yule msomaji akavuta khanga begani. Nilidhani ataichana ile karatasi. Badala yake alimpa mwenye duka, bila kumtazama mwenzake.

"Nitolee kopi na mimi. Jina lake lifute."

Huku kwetu tunaoneana wivu kwa pikipiki na mabati ya rangi. Mama yule aliona wivu kwa sentensi moja, akaondoka nayo. Mimi kokoa yangu namuuzia mtu kwa kuaminiana tu, tena kwa mdomo. Nilitamani kuomba kopi ya tatu, nikaona haya. Mpaka leo namwonea wivu mama yule.