Ndoo Aliyochota Vero

Pipa lililowahi kubeba mafuta ya kula halipotezi harufu yake upesi, hata ulisugue kwa majivu wiki nzima. Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, nyumba yetu ya Makanyagio, mjini Mpanda, ilinuka hivyo kila kona, kwa sababu baba alikuwa ameleta mapipa manne na kuyapanga chini ya gata ya bati ya kukingia maji ya paa, aliyoikunja mwenyewe. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga, mtu wa kupenda mambo yaende kwa mpango. Ukame uliopita ulimuulia mpunga wote na kumwachia hofu asiyoisema. Redio ilipotangaza kwamba mvua za msimu uliofuata huenda zikachelewa, aliamua kwamba safari hii kiangazi hakitatukuta tumekaa tu. Mapipa yakajazwa kwa mvua za mwisho za Aprili, yakafunikwa, na sheria zikaanza. Tulioga kwa jagi moja, tumesimama ndani ya beseni. Maji yaliyobaki kwenye beseni tulidekia sakafu, kisha tukamwagia mchicha. Maji ya kuoshea mchele waliyanywa kuku. Mimi nilipewa kazi iliyonivimbisha kichwa: kila jioni nizamishe fimbo ndani ya pipa, nitazame unyevu umeishia wapi, nimweleze baba.

Mama hakuwepo. Alikwenda Karema, kando ya ziwa, kumuuguza bibi, na kazi zake zote zikamwangukia dada yangu Veronika, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la saba. Vero alitupikia, alitufulia, na akipepeta mchele aliimba nyimbo za kwaya huku akigeuza maneno ili sisi wadogo tucheke. Jioni moja ya Agosti nilizamisha fimbo nikakuta maji yameshuka vidole vinne. Nyuma ya jiko palikuwa na kitenge chake kimefuliwa na kuanikwa mahali ambapo hatukuwa tunaanika nguo. Alinikuta nimesimama pale na fimbo mkononi.

"Usimwambie baba," alisema. "Kesho nitaenda kisimani nirudishe."

"Umefanyia nini maji yote hayo?"

"Wewe hujui. Nyamaza tu, mdogo wangu."

Sikunyamaza. Nilimngoja baba mlangoni, nikamwambia kabla hajavua viatu. Leo nikijitazama pale mlangoni, ninachokiona ni furaha. Nilifurahi kuwa na jambo kubwa la kumwambia.

Siku hiyo baba mdogo alikuwa mgeni wetu, pamoja na jirani mmoja aliyefanya kazi na baba mashineni. Baba alimwita Vero mbele yao.

"Ndoo nzima, Vero! Ulifanyia nini?"

Vero alitazama miguu yake. Baba akauliza tena. Baba mdogo akacheka, akasema labda binti ameshaanza kujipamba kwa ajili ya vijana. Jirani naye akacheka. Nilimwona Vero akikunja vidole vya miguu kana kwamba anataka kuzama ardhini.

"Basi kuanzia leo hutagusa pipa hili," baba alisema. "Ukitaka maji, kachote mwenyewe."

Akawa anakwenda kisimani upande wa Kakese alfajiri, anarudi shule imeshaanza, anachapwa kwa kuchelewa. Kila mwezi zilikuwepo siku ambazo hakwenda shule kabisa. Hakuimba tena. Mtihani wa mwisho aliufanya, lakini jina lake halikuwemo miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari.

Mama aliporudi Oktoba alimtazama Vero mara moja tu, akamvutia chumbani. Nilisikia kilio cha dada, kisha sauti ya mama akimwambia baba, bila kupaza, kwamba mtoto alipata damu yake ya kwanza na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumuuliza. Kesho yake baba aliweka ndoo iliyojaa mlangoni mwa bafu, na sabuni mpya juu ya kifuniko. Vero aliipita. Wiki iliyofuata akaenda Karema kuishi na bibi, hakurudi.

Na mvua hazikuchelewa. Novemba ilipoanza zilishuka kama kawaida, wakati mapipa mawili hatujayafungua. Maji yalikuwa yameota ukijani na wadudu wanacheza ndani. Baba aliniita tukayainamisha mapipa, tukayamwaga barabarani ili tupate nafasi ya maji mapya.

Sasa nina nyumba yangu hapa hapa Mpanda, nina gata na tangi, na kiangazi kikikaribia nabana maji kama tulivyobana wakati ule, kwa sababu baba hakukosea kuhusu ukame. Miaka mingine umekuja kweli, na tumevuka. Binti yangu anajua kwamba kuna siku za mwezi atachota anavyotaka na hakuna atakayemuuliza. Lakini hilo ninamfanyia yeye. Kwa Vero halibadilishi kitu. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamwomba radhi kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Nikashusha pumzi. Nilitaka kumshukuru, lakini alikuwa hajamaliza.

"Na mimi nilikuwa mtoto."

Kisha akaniaga taratibu, bila hasira, akasema mitumbwi imeshaingia na anawahi kununua dagaa.