Waiver ya Mama

Neno "waiver" nililijua Moroni, wakati kisiwa chetu cha Anjouan kilipojitenga na serikali, meli zikazuiwa kwenda bandari yetu ya Mutsamudu. Mama alikuwa huko, ana ugonjwa wa sukari, na dawa zake zilikuwa ukingoni. Mimi nimekwama kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Badjanani, roho juu juu, silali wala situlii.

Nilikwenda ofisi ya wasuluhishi waliotoka nje. Ofisa wao alijua Kiingereza tu. Changu kilikuwa cha kununulia vitenge Dar es Salaam: bei gani, punguza, hiki kimechujuka. Akaniambia niombe waiver. Nikamwuliza inauzwa wapi. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanifafanulia: marufuku inabaki pale pale, ila mtu mmoja anaruhusiwa kupita kwa sababu maalumu. Basi nikaling'ang'ania. Nililisema njiani, nikalisema jikoni, hata jirani akaniuliza kama nimepandisha shetani. Kila asubuhi nilikuwa mlangoni kwa yule bwana nalidai kwa jina lake. Alinichoka, akanipa: mgonjwa mmoja, na mtu wa kwenda kumchukua kwa meli ya msaada.

Nilimkuta Mama amekonda, nguo zinampwaya. Nikamwambia afunge mzigo, meli inaondoka alasiri.

"Na nyumba?"

"Tutaifunga."

"Nyumba yako niiachie kufuli, mwanangu? Wenye bunduki wakiingia, utawatoa wewe?"

Kwetu nyumba ni ya binti. Mume huhamia, mama huilinda, na hapakosi mwanamke wa ukoo ndani. Nilijua yote hayo, lakini nilipandwa na hasira. Nikamwambia nyumba na iungue, mimi namtaka yeye.  Akajikalia zake kizingitini, na Mama akishakaa hivyo humng'oi. Nikawa naingia natoka, natazama saa, nasikia honi bandarini.

"Nikibaki mimi, utaondoka?"

Akainuka, akanipa funguo.

Nilimpandisha melini peke yake. Jirani yangu wa Badjanani angempokea. Niliporudi nyumbani nilifungua madirisha yote, kisha nikalia kwa hasira. Wiki nzima nilikuwa nimeomba ruhusa ya kumtoa Mama kisiwani. Ya kumrudisha sikuiomba, wala yangu mimi ya kumfuata.