Mfumaji Asiyetaka Kusalimiwa Asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Worlanyo Dotse ameketi nyuma ya nyumba ya marehemu shangazi yake, hapa Kpetoe, mji wa wafumaji, vidole vya miguu vikiwa vimeshika kamba za mtambo wa kufumia. Mkono wa kulia unarusha kijiti cha uzi, wa kushoto unakidaka. Midomo inachezacheza. Anahesabu.

Mwandishi anaingia uani na kusimama kimya kama mwizi wa kuku. Ndivyo alivyoagizwa kwa simu. "Ukifika usinisalimie," alisema Worlanyo. "Kuna kigoda karibu na pipa la maji. Kaa hapo mpaka nikutazame."

Kwetu Waewe, mtu akiingia uani bila salamu, utadhani amekuja kugombana. Na salamu yenyewe si neno moja. Unaulizwa watu wa nyumbani, watoto, ulivyolala, kazi ya jana, na kila swali lina jibu lake. Kuikata katikati ni kumtukana mtu na baba yake.

Dakika kumi na moja zinapita. Worlanyo anavuta kibao kushindilia uzi wa mwisho, anachukua kifuniko cha soda kutoka kibuyu cha kushoto, anakitia katika kibuyu cha kulia, ndipo anageuka. Anatabasamu uso mzima.

"Haya, sasa salimia," anasema. "Nina nafasi."

Kutoka upande wa pili wa barabara inasikika mitambo mingine zaidi ya ishirini, yote chini ya bati moja, na juu ya mlio wake sauti za wanaume wanaotaniana. Lile ni banda la wafumaji. Kiti cha Worlanyo kilikuwa pale, cha tatu kutoka mlangoni, tangu akiwa na miaka kumi na tatu.

Ana miaka arobaini na mbili sasa. Baba yake alimfundisha kufuma kabla hajajua kusoma. Alipofika ishirini alikuwa anafuma mapambo ya ndege, kiti cha chifu na kitana bila kutazama mfano wowote, huku anasimulia visa vya watu mpaka wenzake wanasimamisha mitambo yao ili wacheke vizuri.

"Mikono ilikuwa inahesabu yenyewe," anasema. "Mimi nilikuwa naongea tu. Sikujua kama kuna siku nitahitaji kujua hesabu iko wapi."

Maradhi yalimpata akiwa na miaka ishirini na tisa. Alianza kusikia redio ya jirani ikimtaja jina, hata ikiwa imezimwa. Akaacha kulala, akaacha kula. Siku moja alikata nyuzi zote za mtambo wake kwa kisu, akisema zinamrekodi. Kaka yake mkubwa, Senyo, alimfunga mikono kwa kanga ya mama yao na kumpeleka kwenye kambi ya maombi, ambako alikaa wiki saba. Alipotoka huko amekonda mbavu zinahesabika, ndipo akapelekwa hospitali.

Hospitalini alipewa dawa, na sauti zikanyamaza. Alizitumia kwa miaka tisa.

"Andika hivi," anasema, na anasubiri mpaka kalamu ifike kwenye karatasi. "Dawa ziliniokoa. Sitaki mtu asome gazeti akasema Worlanyo anatukana dawa."

Lakini zilikuwa na gharama yake. Alinenepa, mikono ilitetemeka, alilala saa kumi na nne kwa siku. Mke wake alirudi kwao, mjini Ho, na watoto wawili. Baada ya miaka kadhaa bila dalili yoyote, daktari alikubali kumpunguzia dozi kidogo kidogo. Kazi hiyo ilichukua mwaka na miezi miwili. Leo ni miaka miwili na nusu tangu ameze kidonge cha mwisho.

Sauti hazijarudi. Usingizi umekuwa wa kawaida. Kila mtu alitarajia, naye alitarajia zaidi ya wote, kwamba kichwa chake cha zamani kitarudi pia. Hakikurudi.

"Unajua mtu anavyoingia chumbani akasahau alichofuata?" anauliza. "Mimi niko ndani ya chumba hicho siku nzima."

Anakwenda dukani kununua uzi wa manjano, anarudi na mafuta ya taa. Anasonga akple, ugali wa kwetu, anaondoka jikoni, anakumbushwa na harufu ya kuungua. Akisoma ukurasa mmoja wa Biblia, akifika chini hajui juu kulikuwa na nani. Neno la kawaida kabisa, kama ufunguo, linamkimbia katikati ya sentensi, na yeye anabaki ameshika hewa kwa vidole mpaka mwenzake amtajie. Jambo linalomtesa kuliko yote ni kwamba hawezi kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtu akimsemesha, hesabu inamwagika.

Nesi Comfort Amegashie, anayemtembelea kila mwezi, hampi maneno matamu. "Huenda ni ugonjwa wenyewe uliacha alama," anasema. "Huenda ni miaka ile ya dawa, huenda ni kule kuziacha. Kwa Worlanyo siwezi kukuambia ni lipi, na daktari wake pia hawezi. Wapo wanaopata nafuu taratibu kwa miaka. Ila nikuombe, andika kwamba mtu asiache dawa zake kwa kusikia habari za huyu. Yeye aliacha tukiwa tumemshika mkono, na bado unamwona."

Kwa mfumaji, tatizo la namna hii lina ukatili wake. Nguo nzima ya mwanamume ina mikanda ishirini na minne, kila mmoja mwembamba kama kiganja. Hufumwa mfululizo, mmoja baada ya mwingine, na kukatwa mwishoni ili iunganishwe. Kila mkanda wa Worlanyo una mafungu thelathini ya mapambo. Ukikosea fungu moja, hakuna anayejua, hata wewe mwenyewe. Utakula, utalala, utafuma miezi mitatu zaidi. Kosa linakungoja siku ya kushona, mbele ya watu.

Lilimngoja mara mbili mfululizo. Nguo mbili zilikataliwa, na Masta Agbenyega, mkuu wa banda, akamwondoa kwenye mtambo na kumpa gurudumu la kusokotea uzi, kazi ya wanafunzi wa darasa la tatu.

"Nilimpenda, lakini banda lina jina," anasema Masta, mzee mwenye ndevu zilizonyolewa vibaya na ulimi wa kukwaruza. "Mteja hanunui historia ya ugonjwa. Ananunua nguo."

Worlanyo alisokota uzi kwa miezi mitano. Kisha alihamishia mtambo wake nyuma ya nyumba ya shangazi, mahali ambapo hakuna wa kumsemesha, akaanza upya. Kwanza alihesabia kunde. Kila fungu likiisha, punje moja inahama kibuyu. Mpango ulikwenda vizuri kwa wiki mbili, mpaka alipokwenda msalani na kukuta kuku wa jirani amekula kunde zote za mkanda wa pili na nusu ya mkanda wa tatu. Ndipo akahamia vifuniko vya soda.

Watu walikasirika. Walipita njiani wakamsalimu, naye hakuitikia. Wengine walisema ugonjwa umerudi, wengine wakasema ni maringo. "Siku hizi kumsalimia Worlanyo mpaka uandike barua na uambatanishe picha," alisema mfumaji mmoja, na banda zima likaangua kicheko. Kicheko hicho kilivuka barabara. Worlanyo alikisikia.

"Kilichoniuma si utani," anasema. "Utani ulikuwa mzuri. Zamani ungekuwa wangu."

Anakula peke yake. Jumapili jioni anawapigia watoto wake simu akiwa na daftari mapajani, maana bila kuandika atamuuliza binti yake swali lile lile mara tatu, na binti ameshaanza kunyamaza. Siku nyingine, kuanzia asubuhi mpaka giza linapoingia, sauti pekee anayoisikia ni yake mwenyewe ikihesabu.

Januari mwaka huu alivuka barabara, akaenda kwa Masta na kumwomba kiti chake. Masta hakumfukuza. Alimpa sharti.

"Fuma nguo moja nzima," alimwambia. "Ya ndege na kiti. Ikikaa sawa siku ya kushona, kiti chako kipo. Isipokaa, usiniombe tena, utanifanya nionekane mtu mbaya bure."

Mteja alipatikana: Mama Akpene Zikpi, mwuza samaki, aliyetaka nguo ya mume wake kwa ajili ya sikukuu ya wafumaji. Alipoambiwa kwamba anahatarisha uzi wake, alijibu kwamba ameolewa miaka thelathini na minane, hatari anaijua. Bei ni sedi elfu tatu, karibu theluthi yake ikiishia kwenye uzi. Zamani Worlanyo angeimaliza kwa wiki sita. Safari hii ilimchukua miezi minne na siku tisa.

Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya kushona. Mikanda ilikatwa na kutandikwa juu ya mkeka katikati ya banda. Mitambo yote ilikuwa imenyamaza. Worlanyo alisimama mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo ya mtihani.

Masta aliipanga mmoja mmoja mwenyewe. Wa kwanza ukakaa. Wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi, ndege wamesimama mstari mmoja kama wamepangwa na mwalimu. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi polepole. Masta akaweka wa kumi na moja.

Ndege alikuwa chini ya wenzake, kwa fungu moja.

Masta aliuacha pale, akapanga iliyobaki kumi na mitatu. Yote ilikaa sawasawa. Kisha akarudi kwenye ule mmoja na kuufuata kwa ukucha kutoka juu.

"Fungu la tisa umelifuma mara mbili," alisema. "Siku hiyo ulikuwa na nani?"

Worlanyo hakuhitaji daftari kukumbuka. "Na kaka."

Senyo alikuwa amekuja kutoka Tema, baada ya miaka sita ya kutoonana. Ni yule yule aliyemfunga kwa kanga ya mama. Aliingia uani bila kujua sharti la kigoda, akasimama karibu na mtambo, akaanza salamu. Watu wa nyumbani? Watoto? Umelalaje? Kazi ya jana? Worlanyo aliitikia moja moja, mikono ikiendelea. Senyo alivuta ndoo akaikalia. Alisema, "Ndugu yangu, siku ile ya kanga, nilikuwa naogopa." Worlanyo alisema, "Hata mimi." Kisha wakaanza kumsema marehemu baba yao na baiskeli yake isiyo na breki, wakacheka mpaka jioni.

"Mlizungumza huku unafuma?" Masta aliuliza.

"Tulizungumza sana."

"Na hii ishirini na mitatu?"

"Nilikuwa peke yangu."

Masta alikaa kwenye ukingo wa mtambo wa mtu. Alionekana amechoka ghafla. "Basi kazi unaijua, Worlanyo. Hakuna wa kukubishia tena. Fuma huko nyumbani, wateja nitakuletea mwenyewe. Lakini hapa ndani kiti sitakupa. Hapa ndani watu wanazungumza."

Hakuna aliyetania. Worlanyo alisema asante, akauchukua ule mkanda wa kumi na moja, akavuka barabara.

Kwa hiyo alipata kazi aliyokuwa ameipoteza, na kwa njia ile ile, ya kufuma peke yake, akanyimwa watu aliokuwa anawatafuta. Alifuma mkanda mwingine kwa siku tano. Mama Akpene amechukua nguo yake na kuagiza nyingine ya mwanawe. Ule mkanda wenye kosa mtu alitaka kuununua avae shingoni siku ya mahafali. Worlanyo amekataa kuuza.

Juzi alirudi bandani na ombi tofauti. Asubuhi atafuma nguo za ndege na viti nyuma ya nyumba, na vifuniko vyake. Kuanzia saa nane mchana anaomba mtambo wowote mbovu, kona yoyote, afume mikanda myeupe isiyo na mapambo. Haina cha kuhesabu. Ni kazi anayopewa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na malipo yake hayafiki hata sedi ishirini kwa mkanda.

Masta alimwonya. "Watakucheka, mtu mzima."

"Wacheke," alijibu Worlanyo. "Nataka niwepo wakicheka."

Anaanza Jumatatu. Mtambo aliopewa una mguu mmoja mfupi, na uko kando ya yule mwenye utani wa barua na picha.

Desemba, Senyo anakuja tena, safari hii na mke na watoto, kwa wiki nzima. Worlanyo ameshaiandika katika daftari: wiki hiyo hatafuma ndege hata mmoja, ni mikanda myeupe tupu. Senyo huuliza kwenye simu kama nguo ya Mama Akpene ilitoka vizuri, na Worlanyo humjibu kwamba ilitoka safi, mikanda yote ishirini na minne.

"Sijamwambia habari za ule wa kumi na moja," anasema, akishika tena kijiti cha uzi. "Akijua, atakuja akae kwenye kigoda anyamaze."